Asakusa, mtaa wa Tokyo unaojengwa upya kila baada ya moto

Tarehe 30 Desemba mwaka 1927, wakazi wa Tokyo walipanga foleni kwa zaidi ya saa mbili ili kupanda treni ambayo safari yake ilichukua dakika 5 tu. Hiyo ilikuwa reli ya kwanza ya abiria kupita chini ya ardhi ya jiji hilo, yenye urefu wa kilomita 2.2, kutoka Ueno hadi Asakusa. Asakusa ilichaguliwa kuwa mwisho wa njia kwa sababu iliyo wazi: huko ndiko umma ulikokuwa ukienda. Watu walikwenda kusali, kula na kutazama michezo, na mara nyingi walifanya yote matatu kwa siku moja.

Hadi leo wanakwenda, Wajapani na wageni kutoka kila pembe ya dunia. Hata hivyo, anayeuzunguka mtaa huo kwa miguu hukutana na fumbo. Asakusa husifiwa kwa kuwa na Senso-ji, hekalu kongwe kuliko yote mjini Tokyo, ilhali jumba kuu la hekalu hilo lilijengwa kwa zege mwaka 1958. Lango la mbele ni la mwaka 1960, lango la ndani ni la 1964, na mnara wa orofa 5 ulikamilika mwaka 1973. Ni kitu gani basi kilicho cha kale katika Asakusa? Jibu lake linahitaji kutembea polepole, na kula njiani.

Lango lililotoweka kwa miaka 95

Matembezi huanzia Kaminarimon, yaani Lango la Radi. Kulia kwake amesimama mungu wa upepo, kushoto mungu wa radi, na katikati yao inaning'inia fanusi nyekundu ya karatasi yenye kimo cha mita 3.9 na uzito wa takriban kilo 700. Hakuna picha ya Tokyo inayojulikana zaidi kuliko hiyo.

Lakini lango hilo liliteketea mwaka 1865, na halikujengwa tena hadi mwaka 1960. Kwa miaka 95, vizazi vitatu vya wakazi wa Asakusa viliishi na jina la lango pasipo lango lenyewe. Aliyegharimia kulirudisha ni Matsushita Konosuke, mfanyabiashara aliyeanzisha kampuni ambayo leo inaitwa Panasonic. Inaelezwa kwamba alilitoa kuwa shukrani baada ya kupona maradhi.

Wahenga wa Uswahilini walisema nyumba njema si mlango, na usemi huo unaifaa Asakusa barabara. Ndani ya lango inaanza Nakamise, njia ya mawe yenye urefu wa mita 250 hivi na takriban maduka 90 pande zote mbili. Asili ya maduka hayo ni mapatano ya karne ya 17 na ya 18: majirani wa hekalu waliokuwa na wajibu wa kufagia viwanja vyake waliruhusiwa kuuza bidhaa njiani. Kwa maneno mengine, ufagio ndio uliolipa kodi ya kwanza ya pango.

Miongoni mwa vinavyouzwa karibu na lango ni kaminari-okoshi, bisi za mchele zilizogandishwa kwa sukari, ambazo Mswahili angezifananisha na kashata. Jina lake lina fumbo ndani yake. Neno okoshi linakaribiana kwa sauti na kitenzi cha Kijapani chenye maana ya kuinua au kusimamisha, kama mtu anavyoinua ukoo au jina lililoanguka. Katika mtaa ulioungua mara nyingi, mnunuzi hupeleka nyumbani utamu pamoja na dua.

Wavuvi wawili na sanamu isiyoonekana

Mwisho wa Nakamise, baada ya lango la ndani, moshi wa ubani hupanda kutoka katika chetezo kikubwa cha shaba. Watu huuvuta kwa viganja na kuupaka kichwani, begani au gotini, mahali penye maumivu. Kando yake wengine hutikisa kopo la chuma na kuchomoa kijiti chenye namba ili kusoma bahati yao, mithili ya kupiga ramli. Hekalu hili linasifika kwa kutowabembeleza wageni, kwani katika karatasi 100 za bahati, 30 ni za mkosi. Aliyeangukiwa na mkosi huifunga karatasi yake kwenye waya uliowekwa hapo na kuondoka bila mzigo huo.

Kwa mujibu wa simulizi za hekalu, asubuhi moja ya mwaka 628 ndugu wawili wavuvi, Hinokuma Hamanari na Hinokuma Takenari, walitupa nyavu katika mto Sumida wakapata sanamu badala ya samaki. Mkuu wa kijiji, Haji no Nakatomo, aliitambua kuwa ni ya Kannon, mwenye huruma katika dini ya Kibudha, akaigeuza nyumba yake kuwa mahali pa ibada. Mwaka 645, mtawa aitwaye Shokai alijenga jumba na kuagiza sanamu hiyo ifichwe milele. Tangu hapo haioneshwi kwa waumini. Mamilioni husujudu mbele ya kitu wasichokiona.

Hatua chache mashariki mwa jumba kuu ipo madhabahu ya Shinto, imani ya asili ya Wajapani. Madhabahu hiyo, Asakusa Jinja, inawatukuza watu watatu wale wale: wavuvi wawili na mkuu wa kijiji. Kwa karne nyingi hekalu na madhabahu vilikuwa kitu kimoja, na watu hawakuona sababu ya kuvitenganisha. Mwaka 1868 serikali mpya ya Mfalme Mkuu Meiji iliamuru miungu ya Shinto itengwe na Ubudha, na mpaka ukachorwa katikati ya ua mmoja.

Mpaka huo upo hadi leo katika sheria, lakini miguu ya waumini haiujui. Mbele ya Kannon huunganisha viganja kimya kimya, kisha husogea upande wa pili na kupiga makofi mawili mbele ya wavuvi. Mwezi Mei, katika sikukuu ya Sanja, vijana wa vitongoji 44 hubeba mabegani takriban mikoshi 100, yaani madhabahu madogo yaliyonakshiwa, kwa shangwe inayotikisa mtaa mzima. Fanusi ya Lango la Radi hukunjwa ili msafara upite. Sikukuu ya madhabahu hupita chini ya lango la hekalu, na hakuna anayelalamika.

Mchele, fedha na sufuria ya chuma

Imani peke yake haikuufanya mtaa huu kuwa mashuhuri. Mwaka 1590 Tokugawa Ieyasu, aliyekuja kuwa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa Japani, alihamia mji mdogo wa Edo, ndio Tokyo ya leo, na kuifanya Senso-ji kuwa hekalu la kuombea ukoo wake. Mwaka 1620 maghala ya mchele ya serikali yakajengwa kusini mwa hekalu, kwenye ukingo wa Sumida.

Maghala hayo ndiyo yaliyoleta fedha. Wapiganaji wa daraja la samurai walilipwa mshahara kwa mchele, lakini mchele haununui nguo wala karatasi. Wakajitokeza madalali walioupokea mchele kwa niaba yao, wakauuza, na baadaye wakawakopesha samurai fedha kwa rehani ya mishahara ijayo. Mwaka 1724 serikali iliwatambua rasmi madalali 109. Walikuwa raia wa daraja la chini kisheria, lakini waliwashikilia mabwana wao kwa deni, na fedha zao walizitumia jirani, yaani Asakusa.

Serikali nayo iliusukumia mtaa huo kila ilichokitilia shaka. Baada ya moto mkubwa wa mwaka 1657, Yoshiwara, eneo la wanawake waliouzwa na familia zao au kufungwa kwa madeni, lilihamishiwa nyuma ya hekalu. Mwaka 1842 majumba ya tamthilia za kabuki yalifukuzwa katikati ya mji na kupelekwa huko huko. Ibada, starehe na dhuluma zikawa majirani wa mlango kwa mlango.

Ladha ya enzi hiyo ingalipo dakika chache kusini mwa Lango la Radi. Mkahawa wa Komagata Dozeu ulifunguliwa mwaka 1801, na chakula chake ni dojo, samaki mdogo mwembamba wa matopeni, ambaye zamani alipatikana katika kila shamba la mpunga. Samaki huloweshwa kwanza katika pombe ya mchele, kisha hupikwa katika mchuzi wa soya iliyochachushwa, na mwishowe hupangwa katika sufuria ya chuma isiyo na kina juu ya makaa. Mlaji mwenyewe hurundika vitunguu vya majani juu yake na kungoja. Wateja huketi chini, mbele ya mbao ndefu zinazotumika kama meza. Fundi na tajiri hula bega kwa bega.

Jengo la mkahawa huo ni la mwaka 1964, lakini limefuata umbo la zamani, bila madirisha ya orofa ya juu upande wa barabara. Sababu ni ya kisiasa. Misafara ya mabwana wakubwa ilipita hapo, na mtu wa kawaida hakuruhusiwa kuwatazama kutoka juu. Bibi wa mkahawa anayeleta makaa leo hana bwana wa kumwogopa, lakini ukuta ungali unaikumbuka heshima hiyo ya lazima.

Umeme, senema na tambi

Mwaka 1873 serikali iliutwaa ua wa Senso-ji na kuufanya bustani ya umma. Baadaye bustani iligawanywa katika sehemu zenye namba, na ya sita, Rokku, iliyo magharibi mwa jumba kuu, ikawa uwanja wa burudani. Mwaka 1890 ulisimamishwa hapo mnara wa ghorofa 12, Ryounkaku, wenye lifti ya kwanza ya umeme nchini Japani. Mwaka 1903 likafunguliwa Denkikan, jumba la kwanza nchini humo la kudumu la kuonesha senema.

Neno la wakati huo lilikuwa umeme, na kila kipya kiliitwa kwa jina hilo. Karibu na daraja la Azuma, mfanyabiashara Kamiya Denbei, aliyefungua duka lake la pombe mwaka 1880, aliuza kinywaji alichokiita Denki Bran, yaani brandi ya umeme. Hakikuwa na umeme wowote isipokuwa ule uliowapata wanywaji. Baa ya Kamiya ingali inakiuza katika jengo lake la mwaka 1921.

Mwaka 1910, afisa wa zamani wa forodha aitwaye Ozaki Kan'ichi aliajiri wapishi Wachina kutoka Yokohama na kufungua mkahawa wa Rairaiken hapo Asakusa. Aliuza tambi katika supu yenye ladha ya soya kwa bei ambayo mfanyakazi aliyetoka kutazama senema angeimudu. Wanahistoria wa chakula huutaja mkahawa huo kuwa miongoni mwa chimbuko la rameni, tambi ambazo leo zinauzwa kutoka London hadi Dubai. Chakula ambacho dunia hukiita cha Kijapani kilipikwa na mikono ya wahamiaji, kwa ajili ya watu wasio na muda wa kukaa.

Enzi hiyo ilikatika saa sita kasoro dakika mbili mchana, tarehe 1 Septemba 1923. Tetemeko kubwa la ardhi la Kanto, na moto uliofuata, viliua zaidi ya watu 100,000. Mnara wa ghorofa 12 ulivunjika, na wanajeshi wakaumalizia kwa baruti. Maduka ya matofali ya Nakamise yaliporomoka. Lakini jumba kuu la Senso-ji, lililojengwa mwaka 1649 kwa amri ya shogun Tokugawa Iemitsu, halikuungua, na wengi waliokimbilia uani mwake walinusurika. Imani ikaota mizizi kwamba Kannon hulinda mahali pake.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi

Imani hiyo ilijaribiwa miaka 22 baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Machi 1945, takriban ndege 300 za Marekani aina ya B-29 zilimwaga mabomu ya moto juu ya mitaa ya mashariki mwa Tokyo, iliyosongamana nyumba za mbao. Upepo mkali uliuchochea moto. Kufikia asubuhi watu wapatao 100,000 walikuwa wamekufa, na zaidi ya milioni moja hawakuwa na makazi.

Safari hii jumba kuu liliteketea, pamoja na mnara wa orofa 5. Umbali mfupi kaskazini-mashariki, kwenye daraja la Kototoi, wakazi wa Asakusa walivuka wakidhani upande wa pili ni salama, nao wa upande wa pili walikuwa wakivuka kuja Asakusa kwa matumaini yale yale. Makundi mawili yalikutana katikati ya daraja yakashindwa kwenda mbele wala nyuma, na moto ukawakuta hapo. Waliokufa darajani wanakadiriwa kufikia elfu moja. Daraja ni lile lile, lililofunguliwa mwaka 1928, na magari hupita juu yake mchana kutwa. Katika bustani ya Sumida, kando ya ukingo, limesimama jiwe la kuwakumbuka wahanga, na yamehifadhiwa mawe yaliyoondolewa darajani wakati wa matengenezo.

Vitu vichache vilisalia. Lango la mashariki, Nitenmon, la mwaka 1618, halikuungua. Madhabahu ya wavuvi, ya mwaka 1649, ilisalimika umbali wa kutupa jiwe kutoka kwenye jumba lililoteketea. Mti mkubwa wa ginko ulio uani uliungua shina, kisha ukachipua, na hadi leo upo na kovu lake jeusi huku ukitoa majani ya njano kila vuli. Ama sanamu ya Kannon, hekalu linaeleza kwamba ilikuwa imezikwa ardhini chini ya jumba kuu kabla ya mashambulizi, na hivyo ilisalimika.

Bwawa lililouzwa ili jumba lijengwe

Japani ya baada ya vita ilikuwa na njaa, na serikali, kwa katiba mpya, ilikatazwa kutumia fedha za umma kwa ajili ya dini. Hekalu lilibaki na waumini wake na ardhi yake. Mwaka 1951 bwawa la Hyotan, pambo la bustani ya Asakusa tangu enzi ya Meiji, lilifukiwa na ardhi yake kuuzwa ili kupata fedha za ujenzi. Wengine walilisikitikia, lakini kutokana na bwawa hilo na sadaka za watu wengi, jumba jipya likasimama mwaka 1958.

Walilijenga kwa zege kwa sababu walikuwa wameuona moto. Mbao zingependeza zaidi macho ya mtalii, lakini wajenzi wa mwaka 1958 walikuwa wamewazika jamaa zao. Hata vigae vya paa vimebadilishwa katika karne hii na kuwekwa vya madini ya titani, vilivyo vyepesi, ili paa lisiwaangukie watu tetemeko likija tena. Mgeni anayelalamika kwamba jumba hilo si la kale halisi huwa hajaisoma historia yake, kwani zege lenyewe ndilo kumbukumbu.

Hapo ndipo fumbo la Asakusa linapofumbuka. Cha kale katika mtaa huo ni mwendo wa watu. Njia imebaki kutoka kusini hadi kaskazini, ikipita langoni, madukani, kwenye moshi wa ubani na kuishia kwa Kannon. Umebaki mpango wa kula kabla au baada ya kusali, na wajibu wa vitongoji kubeba mikoshi. Mikoshi mikuu ya zamani ya madhabahu iliungua mwaka 1945. Mipya ikatengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati wengi walikuwa bado wanaishi katika vibanda.

Tishio lisilo na moshi

Mtihani wa sasa ni wa aina nyingine. Mwaka 2008 safari ya mikoshi mikuu ilifutwa, kwa kuwa mwaka uliotangulia kulikuwa na watu waliopanda juu yake licha ya makatazo, jambo ambalo madhabahu iliona ni kuidhalilisha miungu. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliifanya Nakamise kuwa tupu, kisha watalii wakarudi kwa wingi kiasi kwamba mkazi anayetaka kusali kwa utulivu hulazimika kuamka alfajiri.

Na ipo habari ya kodi. Mwaka 2017 hekalu liliyanunua majengo ya maduka ya Nakamise kutoka serikali ya jiji la Tokyo, na kuanzia mwaka 2018 kodi ya pango ikaanza kupanda kwa awamu, huku kiwango kilichokusudiwa kikiwa takriban mara 16 ya kile cha awali. Upande wa hekalu ulikuwa na hoja kwamba kodi ya zamani ilikuwa chini mno kuliko bei ya soko. Wenye maduka walihofia kwamba mafundi wa bidhaa za asili watashindwa, na nafasi zao zitachukuliwa na wauzaji wa vitu vinavyopatikana kila mahali.

Hoja zote mbili zina uzito, na hakuna mgeni anayeweza kuziamua. Lakini historia ya mtaa huu inaonesha kwamba moto haukuweza kuwaondoa wale waliokuwa wakifagia njia, kwa sababu walirudi na kufungua tena. Mtu anayeondolewa na kodi hana majivu ya kurudia. Jioni, maduka ya Nakamise yanapofungwa, picha za sikukuu na majira ya mwaka huonekana kwenye milango yake ya chuma iliyoshushwa, na watu wachache hupita kati yake kwenda kusali. Jumba kuu hufungwa saa kumi na moja jioni, lakini ua hauna lango la kufungwa, na aliyechelewa bado anaweza kusimama mbele ya ngazi na kuunganisha viganja.